Wavu Wetu Chini ya Mstari wa Kuanzia

Kwenye mkutano wa ufuoni tuliambiwa kwamba mashua za matanga zingeanza mashindano upande wa gati la Homa Bay. Kwa hiyo jioni ile tulitega wavu wetu mbali na hapo, mahali tunapotega siku zote. Usiku upepo ukageuka. Kulipopambazuka magugu maji yalikuwa yameziba gati lote, na waandaaji wakahamisha mstari wa kuanzia bila kumuuliza mvuvi yeyote. Waliuhamishia juu ya wavu wetu.

Wavu ule ulikuwa mpya. Tangu wazazi wetu wafariki nami niache shule nikiwa kidato cha pili, wadogo zangu wamelishwa na ziwa, na wavu wa zamani ulikuwa umeoza hadi unakatika mkononi. Tukiupoteza huu, hatukuwa na mwingine.

Magugu yalitukawiza. Mdogo wangu anayenifuata alipiga kasia huku mimi nikiyasukuma kando kwa upondo. Tulipofika maji ya wazi tukaiona mitungi yetu myeupe inayoshikilia wavu ikielea, na kati yetu nayo kulikuwa na boti ya injini. Ndani yake alisimama msimamizi mwenye kipaza sauti.

"Mama! Wewe mama wa mtumbwi! Rudi nyuma!"

"Umeshakuwa mama," mdogo wangu akaninong'oneza. "Sasa mimi ni baba ama mtoto?"

Sikucheka. "Kaka, tuna wavu hapo chini. Tuache tuutoe, ni kazi ndogo tu."

"Haiwezekani. Mgeni rasmi anafika saa hii."

"Mgeni rasmi hali samaki?" mdogo wangu akauliza.

"Kijana, chunga mdomo."

Mgeni rasmi alifika jua likiwa utosini. Hilo ndilo linalonichefua hadi leo: muda ulikuwepo. Tungeutoa wavu, tukatoa samaki, tukarudi nyumbani kupika. Badala yake tulikaa tukielea tumbo tupu, tukiwatazama watazamaji. Boti zao zilipiga muziki wa kupasua masikio. Walitupa chupa na mifupa ya kuku majini. Mwanamume mmoja mwenye viatu vya kung'aa alisimama ukingoni mwa boti akakojoa, wenzake wakimshangilia, na pale ufuoni wanawake walikuwa wakichota maji ya kunywa.

Honi ikalia. Siwezi kusema mashua zile hazikupendeza. Zililala upande mmoja kwa pamoja, matanga yamejaa, bila kelele, na kupendeza kwake kukazidi kunikera. Kisha moja ikasita kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Mitungi yetu ikazama. Mashua hizo zina pezi zito la chuma chini ya tumbo, nalo lilikuwa limenasa wavu.

Mtu mwenye glavu akainama na kisu.

"Usikate!" nilipiga kelele. "Utoe taratibu! Usikate!"

Aliniangalia, akatabasamu, akanipungia mkono. Alidhani namshangilia. Kisha akakata, akakata tena, na mashua ilipochomoka boti zote zikapiga makofi.

Msimamizi alikuja kwetu na kofia mbili zenye nembo ya mashindano. "Poleni. Mambo ya michezo haya. Shikeni, tuwapige picha moja."

"Rudisha kofia zako."

"Madam, mbona hasira? Haya basi, tokeni hapa. Watamalizia hapa hapa jioni."

Kwetu wavu uliokatika hauachwi ziwani. Huendelea kuvua bila mwenyewe, samaki wakaoza ndani yake, na wengine wakaja kuwala hao wakanasa pia. Mvuvi anayeuacha hivyo hana uso wa kusimama ufuoni. Nilimweleza hayo. Akatazama saa yake.

"Mtamaliza lini?"

"Ukitoka wote."

Mdogo wangu alikuwa tayari ameshusha kamba yenye kulabu. Ikashika. Tukavuta, na kipande cha kwanza kikapanda kimejisokota kama utumbo, samaki wawili aina ya ngege wakiwa hai ndani yake. Hakikufika hata urefu wa mtumbwi.

"Hiki kitaungika kweli?" akauliza.

"Vuta kwanza."

Msimamizi aliendelea kutuita kwa kipaza sauti, ingawa alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa kwa kasia. Hatukugeuka. Nilizungusha mtumbwi nikaurudisha pale mitungi ilipozamia, naye mdogo wangu akashusha kulabu tena.