Moto Uko Kwenye Bodi

Sisi mafundi wa bodaboda waya chanya tunauita moto, na swali letu la kwanza ni: moto uko wapi? Kwenye pikipiki ya yule mzee jibu lilinitisha. Moto ulikuwa kwenye bodi, yaani chuma chenyewe cha pikipiki, mahali ambapo siku zote tunafunga hasi. Chanya ya betri ilifungwa kwa bolti kwenye fremu, hasi ndiyo ikapanda kwenye taa.

"Wazungu walikosea," alisema fundi mwenzangu pale gereji, Njombe. "Geuza betri, twende tukanywe chai."

Nilishashika spana mzee aliponidaka mkono. Alikuwa katekista mstaafu; pikipiki hiyo ya Kiingereza aliirithi kwa baba yake.

"Usiguse, kijana! Kaka yangu aliigeuza hivyohivyo, nyaya zote zikafuka moshi. Pikipiki hii ndivyo ilivyozaliwa."

Alitaka taa tu. Balbu yake iliwaka kama koroboi, na jioni ile ilikuwa lazima afike Makambako. Asubuhi mjukuu wake angebatizwa.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini kitu nisichokielewa huwa hakiniachi. Ganda la balbu mpya ya LED niliyotaka kumfungia ni hasi. Likigusa fremu ile ni shoti, na nyaya zinapita chini ya tangi la petroli. Nikalivisha ganda kipande cha tyubu ya baiskeli kulitenga na chuma, nikaweka fyuzi karibu na betri. Taa ikawaka nyeupe.

"Una uhakika na huo mpira?" mzee aliuliza.

"Ninao, baba."

"Basi panda nyuma, twende wote."

Fundi mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Nje ya mji ukungu ulitufunika. Injini ilitetemeka hadi kwenye meno yangu, nami nikawaza mpira ule ukisagika kidogo kidogo. Nyuma yetu lori la makaa ya mawe lilinguruma.

Taa ikazimika.

"Yesu wangu!" mzee alisema, akakata kushoto hadi kwenye majani. Lori lilitupita na honi yake, upepo wake ukatuyumbisha.

Nilinusa tangi kwanza. Hakuna moshi. Fyuzi ilikuwa imekatika, na mpira umetoboka palepale ulipobanwa na chuma. Nilikuwa na fyuzi moja tu ya akiba. Mzee alivua kiatu, akachomoa soli ya ndani ya ngozi.

"Hii haitoboki upesi. Weka."

"Baba, ikishindwa?"

"Si umepanda na wewe?"

Niliikata ngozi, nikaifunga, nikachomeka fyuzi huku nimegeuza uso pembeni. Taa ikawaka. Mzee alivaa kiatu kisicho na soli ya ndani, tukaondoka polepole.

Chini ya kiti nilipitisha vidole, nikaushika waya wa betri. Kila ulipopata uvuguvugu nilijiandaa kupiga kelele. Sikuuachia hata nilipoziona taa za Makambako, mpaka mzee alipozima injini mlangoni kwa binti yake.