Karatasi za Mahindi

Mwaka wangu wa pili katika ofisi ile ya Busia, upande wa Uganda, kila mtu alinisifu kwa wepesi. Kazi yetu hasa ilikuwa karatasi za malori yanayopita forodhani, lakini kwa kuwa tulikuwa na mashine kubwa tuliwahudumia pia watu wa mjini: kutoa kopi, kuchapa barua, kuskani vyeti na kuvituma kwa barua pepe. Foleni ikifika kwenye ngazi, mimi ndiye niliyeitwa kuimaliza.

Kabla ya kuskani, mashine ilikuuliza faili liitwe jina gani. Uliandika kwenye kioo kidogo, herufi moja moja, na kioo chenyewe kilikuwa kizito. Unagusa A, inakuja S. Usipoandika kitu, ukabonyeza tu kitufe cha kijani, mashine ilijiamulia: Doc, halafu msururu wa tarakimu. Faili lilikwenda kwenye kompyuta yangu, nami nikalituma kutoka hapo. Karani mwenzangu, mzee aliyenifundisha kazi, aliandika jina kila mara hata watu wakiguna nyuma yake. Mimi nilibonyeza kijani. Niliamini nitakumbuka.

Ijumaa moja asubuhi aliingia mama mmoja niliyemjua kwa sura, Mwislamu wa pale mjini, anayeuza vitenge sokoni. Alikuwa na bahasha aliyoishika kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu amefariki jana, huko Kenya," alisema. "Alikuwa dereva wa lori. Alilala kwenye gari, hakuamka."

Nilimpa pole.

"Mdogo wangu mwingine yuko naye mochari. Wanataka barua ya mwenyekiti wa mtaa na vitambulisho, ndipo watoe ruhusa maiti ivuke mpaka. Wanafunga saa kumi, na hawafungui tena mpaka Jumatatu. Hapa kaburi tayari linachimbwa."

Nyuma yake alisimama mkulima kutoka Iyolwa, viatu vimejaa vumbi jekundu, naye ana karatasi za lori la mahindi. "Dada, na mimi karatasi yangu nakwenda saa ngapi? Gari nasimama juani."

Niliskani za yule mama, nikaskani za mkulima. Kijani, kijani. Kwenye kompyuta mafaili mawili yalikaa moja juu ya jingine, yanafanana kama mapacha, tofauti ni tarakimu za mwisho tu. Nilituma la juu kwa wakala wa mkulima. Kisha nikaandika anwani ya watu wa mochari, nikaweka faili, nikatuma.

"Imekwenda?" mama aliuliza.

"Imekwenda, mama."

Alinishukuru mara mbili. Mahindi yalivuka mpaka kabla ya adhuhuri, na mimi nikaenda kula. Alasiri sikufungua tena barua za ofisi. Nilikuwa na miadi na fundi wa nguo.

Jumamosi tulifanya kazi nusu siku. Nilipofungua kompyuta nilikuta ujumbe uliotumwa jana yake saa tisa: karatasi mlizotuma ni za mahindi, tafadhali tumeni za marehemu. Niliusoma nikiwa bado nimesimama, mkoba begani. Faili la mahindi nilikuwa nimelituma kwa wote wawili. Nililitafuta lile jingine, nikalituma papo hapo. Nilipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Hakuna aliyekuwepo wa kupokea.

Saa nne yule mama alirudi. Hakuwa amelala.

"Maiti haijatolewa," alisema. "Na ndugu yangu huko simwelewi. Anasema wameletewa karatasi za mahindi. Namuuliza mahindi gani, anasema hata yeye hajui. Tunaona labda msiba umemchanganya, au alikwenda ofisi isiyo yake. Wewe ulituma, sivyo?"

Pale ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache tu.

"Nilituma," nikasema. "Mtandao ulisumbua. Leo nimetuma tena."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Basi ni mtandao," alisema, akatoka.

Mzee alikuwa mezani kwake, anapanga stakabadhi. Alisubiri hadi hatua za yule mama zikaisha kwenye ngazi.

"Mtandao haukusumbua," alisema.

Nilivuta karatasi za lori lililofuata.

"Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia. Niachie mpaka wazike."

"Usichelewe, binti," alisema, akaendelea na stakabadhi zake. Ningependa angenifokea.

Nilikwenda nyumbani Kisoko kwa kupitia Tororo, kwa sababu sikutaka kubaki Busia. Jumapili mvua ilinyesha kutwa. Mama yangu alifurahi. Karanga zilikuwa ndiyo kwanza zinachipua. Nilikaa jikoni nikisikia maji yakishuka kwenye bati, na kila nilipojaribu kufikiria jambo jingine niliona shimo lililo wazi mahali fulani Busia. Mama aliniuliza kama ni mgonjwa. Nilimwambia kichwa kinauma. Huo nao ulikuwa uongo, ingawa mdogo.

Baadaye ndipo niliposikia kwamba kaburi lilijaa maji, kingo zikabomoka, na Jumatatu vijana wa mtaa wakachimba upya upande wa pili.

Ruhusa ilitoka Jumatatu asubuhi. Maiti ilifika mpakani alasiri, na sisi watu wa ofisi za jirani tukatoka kusimama kando ya barabara, kama ilivyo desturi. Nilisimama nyuma ya mzee. Watu waliokwenda kuiosha, nilivyoambiwa baadaye, walitoka wakawaita wazee kando. Kule alikolazwa umeme ulikuwa umekatika mara kwa mara. Wazee wa familia waliamua uso usifunuliwe, hata kwa mke wake. Alizikwa kabla ya magharibi, siku ya nne baada ya kufa, kwa watu ambao hawapendi maiti ilale hata usiku mmoja.

Jumatano nilikwenda sokoni. Yule mama alikuwa amerudi kwenye kibanda chake, anakunja vitenge. Nilimsalimia, nikamwambia nina neno. Nilimweleza yote: kitufe cha kijani, mafaili mawili, mkulima wa Iyolwa, ujumbe niliouona Jumamosi kabla hajaingia.

Aliendelea kukunja hadi nikamaliza.

"Kwa hiyo haukuwa mtandao."

"Haukuwa, mama."

"Na mahindi yalikuwa kweli."

"Yalikuwa kweli. Nisamehe."

Aliweka kitenge chini. Aliniambia kwamba matangani ndugu walimgeukia yule mdogo wake aliyekaa mochari. Walisema hakufuatilia. Mjomba wao alimwambia mbele ya watu kwamba alikuwa amelewa, ndiyo maana alizungumza habari za mahindi. Yeye mwenyewe, dada yake, hakumtetea, kwa sababu alikuwa ameambiwa na karani wa ofisi kwamba ni mtandao. Baada ya kuzika, ndugu yake hakula chakula cha msibani. Alichukua begi lake akarudi Kenya.

Alitoa simu, akapiga, akaniwekea mkononi. "Mwambie," alisema.

Nilimwambia. Nilijikwaa kwenye maneno, nikaanza upya. Upande wa pili nilisikia pikipiki zinapita, kisha sauti ya mwanamume, ya chini.

"Nilikaa kwenye benchi tangu Ijumaa," alisema. "Naulizwa, mahindi haya ya nani? Nikawaambia watu wangu. Nani alinisikia?"

"Kosa ni langu," nikasema.

"Nimekusikia. Mimi nilishawaambia." Akakata.

Nilirudisha simu. Yule mama aliipokea bila kunitazama. "Umefanya vizuri kuja," alisema, "lakini nenda sasa."

Hakuleta malalamiko kwa bosi wangu. Nilijipeleka mwenyewe, na mzee akiwa kando yangu. Nilipewa barua ya onyo na nikabaki kazini. Tangu hapo naandika jina la mtu, na neno moja la kueleza karatasi yenyewe, na wanaoguna waache wagune. Ni jambo dogo sana, na halijafuta chochote.

Yule mama huja bado kutoa kopi. Hujibu salamu yangu. Mwaka huu, siku chache baada ya Idi, nilipata ujasiri nikamuuliza kama ndugu yake alikuja kwa sikukuu. Alisema yeye alimpigia simu mara tatu kumwita. Alisema ndugu yake alituma nguo za watoto kwa mkono wa dereva. Mwenyewe hakuja.