Majeshi ya Sufuria Moja

"Nipeni zama zozote mnazotaka na adui yeyote mnayemtaka. Mimi Muganyizi nitampiga kabla chai haijapoa."

Maneno hayo yalisemwa kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wasiopungua mia na hamsini, katika sherehe ya kipaimara cha binti wa jirani pale Nyakato, Mwanza, mwaka 1994. Mshereheshaji alikuwa amemwomba mzee amtakie mtoto baraka, dakika mbili tu. Mzee alichukua ishirini, na mtoto hakutajwa hata mara moja. Tuliambiwa habari za Warumi, tukaambiwa habari za Napoleon, tukaelezwa mpanda farasi amzunguke vipi mwenye mkuki, kisha tukatupiwa hilo la chai. Watu walikuwa wanatazama masufuria ya pilau.

Ta Muganyizi, yaani Mzee Muganyizi kwa Kihaya, alikuwa Mhaya wa Bukoba, umri miaka hamsini na miwili: miwili kati yake aliitumia seminari, kumi na saba akiwa mtunza stoo wa kiwanda cha nyuzi. Kiwanda kilipopunguza watu mwaka 1992, yeye alikuwa wa kwanza kwenye orodha, na mpaka leo anaamini waliipanga kwa kufuata elimu. Wenzake walioachishwa walifungua vioski, wakanunua mikokoteni, wengine wakarudi kulima. Yeye akaunda majeshi.

Ugonjwa huo aliambukizwa na fundi mitambo mmoja wa Kidenishi aliyekuwa kiwandani. Mdenishi alipofunga virago alimwachia kalibu tatu za chuma za kumimina vinyago vya askari, urefu wa kidole gumba, pamoja na brashi nne na kitabu cha picha za sare. Mtu mwingine angepewa redio.

Mimi nilipanga chumba uani kwake, na ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye bati, kwa hiyo mengi niliyasikia hata nilipojitahidi kulala.

Malighafi ilitoka kwa Mihayo, Msukuma aliyekaa nyumba ya pili, fundi wa kufunga nyavu kule Kirumba. Muganyizi alimwandikia barua ya Kiingereza kwenda kiwanda cha minofu, na Mihayo akamlipa risasi za nyavu kuukuu, vile vipande vizito vinavyozamisha wavu, kilo tisa. Ziliyeyushwa kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, zikamiminwa, zikatoka watu mia mbili na kidogo. Rangi ilikuwa ya mafuta, mabaki ya kuandikia majina ya mitumbwi, na nyekundu ilikuwa rangi ya kucha ya binti yake Angela.

Walikuwa Warumi, kwa heshima ya Kilatini chake cha miaka miwili. Walipendeza, sikatai. Walidumu miezi mitano.

Maana huyu bwana alikuwa na falsafa ya zama, na aliitoa bure kwa yeyote aliyekuja kuchota maji bombani kwake. Zama, alisema, huchaguliwa kama mke: utazame sura, utazame ukoo, ujue utakaa naye muda gani. Mkewe Justa alikuwa anasikia hayo akiwa amechuchumaa hatua nne kutoka hapo, akikaanga mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya. Moshi wa mapanki ndio uliokuwa unalisha nyumba ile, wapanda farasi wakiwemo.

Warumi wakachosha, akawageuza Wafaransa. Niseme vizuri: hakununua risasi nyingine. Mtu msomi, alisema, hawezi kuonekana Kirumba akibishania vipande vya nyavu na wavuvi. Aliwarudisha Warumi kwenye sufuria, akawayeyusha wote, jemadari na mpiga tarumbeta, akawamimina upya, mavazi mapya akiyachonga kwa kisu. Baada ya Wafaransa wakaja Waturuki, kutoka kwenye sufuria ileile. Miaka minne Mwanza ilikuwa na mkusanyaji mkubwa wa majeshi ambaye hakuwahi kuwa na majeshi mawili kwa wakati mmoja.

Jioni moja Mihayo alikuja na swali la kistaarabu kabisa.

"Ta Muganyizi, sisi hatuna zama?"

"Nani, ninyi?"

"Sisi Wasukuma. Watemi walipigana hapahapa. Hata rugaruga, wale wapiganaji wa Mirambo kule Unyamwezi."

"Ngosha," akasema, kama tunavyowaita Wasukuma kwa utani, "nitawapaka rangi gani? Kila mmoja kavaa lake. Huyu ngozi, huyu kaniki, huyu kofia ya Mwarabu aliyemuua juzi. Hakuna sare, hakuna vifungo. Zama bila vifungo ni ugomvi tu."

"Kumbe unachagua vita kwa vifungo."

"Nachagua kwa elimu."

"Nshomile bwana," Mihayo akasema, lile jina tunalowatania Wahaya wanaojisikia kwa kusoma, na Justa akacheka mpaka mwiko ukamponyoka.

"Basi tengeneza vita vya Kagera," Mihayo akaendelea. "Vina sare, vina vifungo, na ni vya kwenu."

Hapo mzee aliweka brashi chini. "Zama lazima zipoe kwanza. Mdogo wangu alikwenda vita hivyo. Siwezi kumshika kwa koleo nikampaka rangi."

Ni sentensi pekee ya maana niliyomsikia akisema kwa miaka minne, kwa hiyo naiandika. Kesho yake alirudi kwenye vifungo.

Mwaka 1996, mwezi wa nane, bahati ikabisha hodi. Kule Ilemela, kwenye mawe, ilikuwa imefunguliwa shule ya sekondari ya binafsi, zile zilizokuwa zinaota kila wiki baada ya serikali kuruhusu. Mkuu wake, Madam Sabina, alisikia habari za mzee mwenye askari wa risasi akaja mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, akatazama Waturuki, akasema jambo ambalo Justa alilirudia usiku kucha nyuma ya ukuta wangu: shule ilihitaji mtu wa kutunza stoo ya vifaa na kufundisha Historia kidato cha kwanza na cha pili. Mshahara kila mwisho wa mwezi. Lakini bodi ilitaka kuona kazi kwanza.

"Niletee vita vya ziwa letu, Wajerumani na Waingereza," Madam akasema. "Meza moja, pande mbili, watoto waone nani alimpiga nani. Jumamosi tarehe kumi na nne Septemba, bodi itakuwepo."

"Madam, hilo kwangu ni kunywa maji."

"Pande mbili, Mzee."

"Pande mbili."

Alipoondoka, Justa alizima jiko mchana kweupe, kitu nilichokuwa sijakiona. "Baba Angela," akasema, "macho yangu haya yameisha kwa moshi. Hii kazi uipate. Mimi sijui zama. Najua Septemba."

Na mzee akafanya kazi, tumpe haki yake. Waturuki wakaingia sufuriani. Wiki mbili, Wajerumani na askari wao weusi wakawa tayari, mia moja kamili, kaki safi, kila mmoja na mkanda wake. Wiki ya tatu Waingereza na askari wao wakasimama kwenye ubao wakikauka. Zilibaki siku kumi na mbili. Mtu yeyote mwenye akili ya kuku angefunga boksi.

Lakini yeye akafungua kitabu.

"Hizi kofia," nikamsikia, "ni za mwaka 1914. Mwanza ilichukuliwa 1916."

"Nani atajua?" Justa akauliza.

"Mimi nitajua."

Waingereza wakarudi sufuriani. Wakatoka na kofia za 1916. Zikabaki siku saba. Nikadhani tumepona. Siku ya Jumatatu akagundua kwamba mwezi wa saba, Mwanza ilipochukuliwa, hawangevaa makoti aliyowachongea. Zama si mwaka, akanieleza kana kwamba nilimuuliza, zama ni mwezi. Justa alisimama mlangoni, amekumbatia ule ubao wa Waingereza kifuani kama mama aliyenyang'anywa mtoto.

"Uwaache na makoti yao. Labda walisikia baridi."

"Mama Angela, ziwa halina baridi mwezi wa saba."

"Wewe ulizaliwa ng'ambo yake. Asubuhi huvai sweta?"

Hoja nzito kuliko yoyote ambayo bodi ingetoa. Alingoja mkewe aende kuuza mapanki, akawasha jiko.

Safari hii kalibu ya askari wa miguu, iliyokuwa imechoka kwa vita vya Ulaya nzima, ikapasuka katikati. Fundi wa kuiziba alisema Jumanne ijayo. Jumamosi ni Jumamosi.

Nilikwenda Ilemela kwa sababu kulikuwa na chakula. Justa alibeba boksi kichwani, amevaa gauni la kanisani na kitenge juu yake. Kwenye meza kubwa ya darasa, Wajerumani mia moja wakapangwa, safu nne, wamelenga bunduki upande wa dirishani. Upande wa dirishani hapakuwa na mtu. Wajumbe wa bodi watano waliinama, wakasifu mikanda. Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Hawa wanapigana na nani?"

"Na Waingereza."

Madam Sabina akatazama dirishani, akatazama boksi tupu. "Waingereza wako wapi, Mzee?"

"Wako kwenye sufuria, Madam."

Wanafunzi waliangua kicheko kilichosikika uwanja wa ndege. Mzee alijaribu kuendelea: akaeleza makoti, akaeleza mwezi wa saba, akafika kwenye tofauti ya kitambaa cha kaki. Mjumbe mmoja alitazama saa. Justa alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono imeshika pembe za kitenge, na hakumtazama mumewe wala meza. Alimtazama Madam Sabina tu, jinsi mtu anavyomtazama daktari anayesoma cheti.

"Tutakujulisha, Mzee," Madam akasema.

Hawakumjulisha. Mwezi wa kumi Justa alikwenda mwenyewe, kwa miguu, kuuliza. Alirudi akawasha jiko bila kuvua viatu. Aliyepewa kazi ni kijana aliyetoka kumaliza chuo, hajui kofia ya 1914 wala ya 1916. Siku ya kwanza alipita kwenye duka la vitu vya Kichina mjini, akanunua vita vyake ndani ya mfuko wa nailoni, na Justa alivikuta vimepangwa kwenye meza ileile, watoto wamevizunguka. Askari wa plastiki hamsini, ishirini na watano kijani, ishirini na watano kahawia, na vifaru viwili ambavyo ziwa letu halikuwahi kuviona. Shilingi mia nane.