Nilivunjika mguu hapa Sydney, jumuiya nzima ikaja kunilinda nilale ili growth hormone itoke

Wakuu, habari za huko mliko.

Nasimulia ilivyokuwa, sipunguzi wala siongezi. Atakayesema ni chai, shauri yake, mguu ni wangu.

Mimi Mtanzania, naishi Doonside, kichumba cha uani, peke yangu. Kazi yangu warehouse.

Nilivunjika kwenye bonanza la kanisa. Sikugongana na mtu. Nilifunga goli, nikaruka kushangilia, nikatua vibaya. Na goli lenyewe likakataliwa, eti offside.

Nikafungwa hogo, lile plasta gumu, mpaka juu ya goti.

Wiki zikapita. Eksirei ya pili, daktari akanionyesha: mfupa umegoma kuunga. Tunasubiri mwezi mmoja tu, akasema. Kama hakuna mabadiliko ni operation, chuma ndani, na kipande cha mfupa kinachotolewa kwenye nyonga kuja kuziba pengo.

Wakuu, mimi kisu nakiogopa. Nilitoka pale na magongo yangu, nikaanza kutafuta njia ya mkato.

Jamaa mmoja wa gym akaniambia ana sindano za growth hormone, yaani homoni ya ukuaji, mfupa utaunga chapchap. Kidogo niingie mkenge. Bahati nikampigia kwanza dada Wambui, Mkenya, nesi, anakaa Westmead.

Alinifokea.

"Wacha ujinga bana. Hiyo kitu daktari hapeani ovyo kwa fracture, bado watu wanafanyia research. Na ya gym hujui ni dawa ama ni maji. Mwili yako inatengeneza yake, na inatoka sana ukiwa kwa deep sleep. Inaambia liver itoe kitu ingine ya kuamsha cells za mfupa. So kula vizuri, wacha fegi, lala."

Sigara nikaacha siku hiyo hiyo. Kisha nikafanya kosa. Niliandika kwenye group la WhatsApp la kanisa: niombeeni usingizi, homoni ya mfupa inatoka nikilala.

Sasa sisi mnatujua. Mgonjwa haachwi peke yake. Kesho yake ikatoka roster ya watu wa kuja kunilinda nilale.

Hakuna aliyejiuliza mtu atalalaje anatazamwa.

Mama Neema wa Tanga alikuja na supu ya makongoro, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Lala mwanangu, usitujali," akasema, macho kwangu hayabanduki.

Papa Deo, mzee wetu wa Bukavu, aliweka kiti kichwani pangu. Nikifumba macho tu, ananigusa bega.

"Ndugu, homoni imeisha kuya?"

"Bado, Papa."

"Bon. Lala tena."

Kwaya nao wakaja kuniimbia taratibu. Na kinanda.

Binti wa Mama Neema akauliza, "Mum, why are we watching him?" Akaambiwa anyamaze, mgonjwa anaota mfupa.

Wambui alipokuja kunijulia hali akakuta viatu mpaka nje. Akafukuza wote na kubandika karatasi mlangoni: HAKUNA WAGENI.

Nikasema sasa nitalala.

Sikulala. Kile kimya kilinimaliza. Nilikuwa naiwaza nyonga yangu, nawaza nikiingia theatre nani atakuwa nje ananisubiri, maana huku sina hata binamu. Nililia, sioni haya kusema.

Siku moja mchana Mama Neema akaja kufuata sufuria yake. Mlangoni akakutana na Papa Deo, ambaye alikuja tu kuangalia kama karatasi bado ipo. Wakaingia jikoni, kwangu jikoni ni nyuma ya pazia tu, wakaanza kubishana. Mama anasema kisamvu bila nazi ni majani ya mbuzi. Papa anasema sombe, ndilo jina la kisamvu kwao Kongo, bila mawese ni ugonjwa. Walipandishiana sauti kweli kweli.

Na mimi nikalala. Usingizi wa mate mdomoni. Nilipoamka bado wanabishana, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Basi ikawa ndiyo dawa. Wanakuja kila siku, wanakaa nyuma ya pazia, wanagombana. Sharti ni moja, kunitazama marufuku.

Eksirei ya tatu, mfupa mpya umeonekana, operation hakuna. Daktari akauliza nimebadilisha nini. Nikamwambia sivuti, na nalala. Akasema endelea hivyo hivyo. Kama ni homoni, fegi au ni muda tu umefika, mimi sijui.

Funzo: sindano za gym achaneni nazo. Na mgonjwa msimtazame, lakini msimwache.

Nimesharudi kazini, natembea vizuri. Tatizo ni kwamba mtu mzima wa afya hatembelewi. Nikirudi ndani ni kimya, na usingizi umekata tena.

Kwa hiyo wakuu naomba ushauri, na mwenye kunicheka acheke: nivunje kiungo gani kidogo, kisichouma sana?