Nilinyamazia Maji ya Udhu, Leo Michungwa ya Shangazi Inakauka

Kosa ni langu. Kijijini wanasema ni mvua, wengine wanasema ni husuda, na wapo wanaoilaani kampuni iliyoleta miche. Mimi nawasikiliza na kuitikia "ehe, ehe" kama mtu asiyejua kitu. Najua! Anayejua ni mimi, na nimenyamaza mpaka nimekonda.

Jina langu silitaji, wala la kijiji. Niseme tu ni huku Muheza, ukitoka Tanga mjini kuelekea milima ya Amani, ambako kila nyumba ina michungwa yake. Nina shahada ya pili ya mambo ya mimea. Picha ya siku niliyovaa joho ipo sebuleni kwa shangazi, na kila nikiingia naketi nimeipa mgongo.

Huyo shangazi ni dada yake baba, ndiye aliyenilea. Hakujaaliwa mtoto wa tumboni, kwa hiyo mtoto ni mimi. Ana chuo uani kwake, anawasomesha Kurani watoto wa jirani kila alasiri. Karo yangu yote, tangu sekondari mpaka chuo kikuu, ilitoka kwenye michungwa yake ya zamani iliyopandwa na babu kule shambani, mbali na nyumbani. Kila msimu alikuwa akisema, "Haya, mchungwa huu umekununulia sare, ule umekununulia godoro." Likumbukeni hili, nitalirudia.

Sasa sikieni. Chuo nilichosoma kilipata utafiti wa pamoja na kampuni moja ya miche. Tulikuwa watu watatu chini ya profesa mmoja. Mimi nilikuwa wa mimea. Wa pili alikuwa kijana mhandisi, nimwite Kassimu ingawa silo jina lake. Yeye alitengeneza vipimo vya kuchomeka ardhini, ukifungua simu unaona udongo una unyevu kiasi gani. Wa tatu alikuwa meneja wa kampuni yenyewe, naye anasomea uongozi wa makampuni, anaandika jinsi kampuni itakavyokua endapo wakulima watapanda miche isiyohitaji kunyweshewa.

Mche wenyewe ulikuwa mchungwa uliobebeshwa juu ya shina la aina mpya, shina tuliloambiwa linavumilia ukame. Kazi yangu ilikuwa kulithibitisha hilo. Safu kadhaa tunanyweshea, safu kadhaa tunamwachia Mungu na mvua zake, kisha tunalinganisha.

Shangazi aliposikia natafuta pa kupanda alikuja juu. "Yaani mwanangu uende kuomba ardhi kwa watu na mimi nipo hai? Panda hapa nyuma ya nyumba!"

Nikapanda. Safu za kunyweshea zikakaa upande wa chini, karibu na tenki. Zile kavu zikaangukia upande wa uani. Nikamketisha shangazi nikamweleza vizuri: "Hizi za huku msizipe maji, shangazi. Hata tone."

"Hata tone," akasema. "Nimesikia."

Na wallahi alilishika. Siku moja alimfukuza binti wa jirani aliyepita na ndoo karibu na zile safu, akamwambia ukimwaga hapo umemwaga shahada ya mtu.

Lakini kwa shangazi maji hayatupwi. Ya kuoshea mchele wanapewa kuku, na ya udhu lazima yaangukie mti, kwa sababu israfu ni dhambi na kuupa mti maji ni sadaka. Tangu nina akili yangu, mawe ya kukalia wakati wa udhu yalikuwa chini ya mlimao wa uani. Miche yangu ilipokuja, akayahamisha. Mlimao ni mzee, akasema, wenye haki sasa ni wachanga. Na wale watoto wa chuo akawagawia, kila mtoto na mche wake wa kuchukulia udhu. Walikuwa wakigombana, "Huo wangu! Wako ule pale!"

Kwake yeye huko hakukuwa kunyweshea. Kunyweshea ni kuchota ndoo ukaenda kuumwagia mti. Udhu ni ibada. Na msimcheke, kwa sababu mimi msomi nilikuwa nikija kutembea naketi kwenye mawe yaleyale, natawadha, nasali, kisha napima urefu wa miche na kushangaa jinsi ilivyostawi! Lo! Sikuona kitu. Ni jambo nililolifanya tangu utotoni, nani huangalia maji ya udhu yanakokwenda?

Kassimu ndiye aliyeona. Alinipigia kiangazi kimeshika, majani ya kila mti njiani yamejikunja.

"Dada, zile safu kavu zina maji."

"Kifaa chako kibovu hicho."

"Nimekibadilisha, nimeweka kingine. Kinasema vilevile."

Jumamosi nikapanda gari kwenda kuangalia. Nikafika adhuhuri inaadhiniwa. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, pokea birika, tuwahi sala." Nikaketi. Nikanawa uso, nikanawa mikono, nikafika miguuni. Nikayatazama maji yanashuka kwenye kisigino changu, yanaingia taratibu kwenye shina la mche. Na udongo pale chini ulikuwa mweusi, umelowa, na kila shina la safu ile udongo wake mweusi.

Sikumbuki nilisali nini siku ile.

Ningeweza kusema palepale. Ningemwambia, "Shangazi, tumeharibu, tuanze upya." Lakini kuanza upya ni kusubiri msimu mwingine mzima, na profesa alikwisha kunisifu mbele ya wenzangu, na meneja alikwisha kuandaa siku ya kutangaza matokeo. Nikajidanganya ati udhu ni maji kiasi gani bwana! Nikajidanganya pia kwamba nanyamaza kwa kumhurumia shangazi, asijione ameniharibia. Uongo mtupu. Niliitaka shahada.

Nilipotoka pale nikampigia profesa, nikamwambia vipimo vya Kassimu vinashindwa na udongo wetu wa huku, tusivihesabu. Profesa aliniamini, kwani mimi ndiye mwenyeji. Matokeo yakaandikwa: safu zilizonyweshewa na zisizonyweshewa zimestawi sawasawa. Mche hautaki maji!

Mkataba wa Kassimu ulipokwisha hawakumwongezea. Mhandisi ambaye vipimo vyake havipimi, wa nini?

Siku ya kutangaza ilifanyika Tanga mjini, ukumbini, kwa viyoyozi na soda. Shangazi alikuja na leso mpya ndani ya buibui, akakaa mbele kabisa. Meneja alisimama akasema kampuni itagawa miche hiyo vijijini, akanipongeza kwa jina. Watu wakapiga makofi. Shangazi akalia machozi ya furaha, na mimi nikalia. Watu wakadhani tunalia kitu kimoja.

Aliporudi kijijini akawa mtangazaji. Kwenye shughuli, kwenye maulidi, akikutana na mtu kisimani: "Mtoto wangu amesoma hili jambo mpaka mwisho. Kateni hiyo mizee, pandeni hii." Na ili watu wasiseme anawasukuma wao tu, akaanza yeye. Akaita mtu mwenye msumeno.

Alinipigia simu asubuhi ile na nilikuwa nasikia mngurumo wa msumeno nyuma yake. Nikamwambia, "Shangazi, subiri kidogo. Acha kwanza ile ya zamani."

"Kwa nini? Si wewe mwenyewe uliyeandika?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mungu alinipa nafasi ya pili, tena kwenye simu, hata uso wake sikuuona! Nikasema, "Basi shangazi, sawa."

Ukaanguka mchungwa wa sare, ukaanguka wa godoro. Magogo yakachomwa mkaa, miche mipya ikapandwa mahali pake. Majirani wakafuata, nyumba baada ya nyumba, kwa sababu walimjua shangazi si mtu wa maneno ya ovyo.

Masika ya kwanza miche ilichangamka, nikaanza kupata usingizi. Kisha vuli haikuja. Ilidondosha manyunyu ya kutuliza vumbi ikaenda zake. Nikawaambia watu, nywesheeni jamani, nywesheeni! Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Bibi mtaalamu, mlisema hautaki maji. Sasa tutachota wapi, na kisima kimebaki tope?" Yale mashamba yako mbali, na miti ni mingi mno.

Sikukaa kimya kabisa, msinione hivyo. Nilikwenda kwa profesa nikamweleza yote, mpaka birika. Akaniambia ripoti imeshapita, shahada zimeshatolewa, na hii ni aibu ya wengi si yangu peke yangu. "Nenda ukapumzike," akasema. Meneja amehamishiwa mkoa mwingine, amepandishwa cheo kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Aliyekuja badala yake ananijibu kwamba mkulima ndiye mwenye jukumu la kutunza mche.

Nikamtafuta Kassimu. Ana kibanda Chumbageni, anatengeneza redio na pasi. Nilimkuta ameinama juu ya feni bovu. Nilimwomba radhi nikilia mbele ya wateja.

"Nimekusamehe, dada," akasema, na bisibisi iko mdomoni. "Ila nilikwambia. Nilikubadilishia na kifaa kingine nikakwambia tena."

Akaendelea na feni lake. Afadhali angenitukana.

Lakini hayo yote si yanayoninyima usingizi. Kinachoniua ni shangazi.

Yeye halaumu mtu. Anatafuta kosa lake! Kila nikienda ananiuliza, "Mwanangu, nimekosea wapi? Hapa nyumbani mbona ilistawi bila tone? Kule shambani nimefanya nini kibaya?" Ananihoji kuhusu mbolea, ananihoji kuhusu kina cha mashimo. Naanza kusema, "Shangazi, ule udhu..." kisha namwona anavyonitazama, kwa uso wa mtu anayesubiri kufundishwa na mwanawe, namgeuzia habari za mbolea. Nikimwambia, atajua kwamba sadaka yake ndiyo iliyowakausha majirani. Na atajua kwamba mtoto aliyemsomesha kwa ile michungwa alijua, akamwacha akaikata. Lipi atalimeza, yarabi?

Mchuma janga hula na wa kwao. Tuliimba msemo huo shuleni, nani aliujali!

Ijumaa iliyopita nilikwenda. Nyumbani hayupo. Wakaniambia siku hizi shangazi adhuhuri anasalia shambani. Nikamfuata. Jua lile! Michungwa imesimama vijiti vitupu kulia na kushoto, majani machache yaliyobaki yanavunjika ukiyagusa. Katikati nikamkuta ameketi juu ya jiwe, mkeka umetandikwa, birika pembeni. Alibeba maji ya udhu kutoka nyumbani, mzee wa umri ule, mwendo wote ule.

"Nimegundua, mwanangu!" akaniambia kabla hata sijamwamkia. "Tofauti ya kule na huku ni sala. Kule nyumbani palikuwa panasaliwa, watoto wanasoma Kurani, pana baraka. Huku hapana mtu wa kumtaja Mungu. Ndio maana nimehamia. Hebu tazama."

Akanionyesha mche aliokuwa amekaa karibu nao. Ulikuwa na majani. Machache, lakini mabichi, na chipukizi moja kwenye ncha. Mmoja tu katika shamba zima.

"Umeona dua inavyoanza kujibiwa?" Anacheka na machozi yanamtoka. "Taratibu. Leo huu, kesho ule."

Kinywa kikajaa maneno. Nikakifungua.

"Pokea birika," akasema, "tuwahi sala."

Nikapokea. Nikaketi kwenye lile jiwe nikatawadha, na maji yakashuka kwenye kisigino changu yakaingia kwenye shina. Yaliyobaki ndani ya birika nikayamwaga palepale nilipoona hanitazami.

Nyinyi mnaofanya utafiti, nawasihi. Kifaa kikikwambia usilolitaka, usikitukane, kwanza nenda kaangalie chini ya mti. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, mbele ya kila mtu, hata shahada ife. Ukilala nalo, asubuhi utakuta watu wameshika misumeno. Nanyi wakulima, mkiletewa mche usiotaka maji, muulizeni aliyeleta ulilelewa wapi na nani alikuwa akinawa hapo.

Na kama wewe unayesoma ni wa kijijini kwetu na umeshanitambua, nakuomba kwa haki ya Mungu, usiende kumwambia shangazi. Niachie mimi. Nitamwambia Ijumaa hii.

Ijumaa iliyopita nilisema hivyohivyo.