Msafara wa Darasa la Tano

Dada yangu alifundisha historia katika shule moja ya msingi mpaka watoto wa wanafunzi wake wakaja kukalia madawati ya baba zao, yaleyale, yenye majina yaliyochongwa kwa wembe. Shule nzima ilimwita Mama Mwamvuli. Nitaeleza kwa nini, maana walioanza kumsahau ni wengi, na wengine wana haraka kweli.

Siku hizi historia inafundishwa ukutani. Mwalimu anawasha mtambo, picha zinatembea, watoto wanakodoa macho, kengele inalia, basi. Mwalimu mwenyewe kajikunja pembeni na simu yake. Kama picha ndiyo inayofundisha, sijui yeye aliajiriwa kwa kazi gani, labda kuwasha na kuzima.

Dada yangu hakuwa na mtambo. Alikuwa na mwamvuli mweusi wa marehemu baba yetu, kiti cha kukunja, ndoo za shule na uwanja. Ikifika sura ya wapelelezi, wale wageni waliokuja zamani kutafuta maziwa na milima yetu, wakarudi kwao kusema wameigundua, alikuwa anafunga kitabu.

"Kesho tunasafiri," aliwaambia watoto. "Kila mtu aje na kata yake."

Jioni hiyo, mtaa mzima, kila penye mtoto wa darasa la tano palikuwa na mtu anayesokota matambara apate kata ya kuwekea mzigo kichwani. Akina mama walificha vitambaa vyao vya jikoni, wakavikuta vimekwenda hivyohivyo.

Asubuhi mtoto mmoja alipewa mwamvuli. Huyo ndiye mgeni. Mwingine alikuwa kiongozi wa njia, wa tatu alibeba kiti, na waliobaki wote walikuwa wapagazi, kila mmoja na ndoo ya mchanga kichwani. Msafara ulitoka getini, ukapita nyuma ya jiko, ukazunguka vyoo, ukapanda mteremko mpaka kwenye tangi la maji. Tangi ndilo lilikuwa ziwa. Mgeni akichoka, msafara mzima unasimama. Yeye anaketi kitini, wenzake wanamngoja na ndoo zao kichwani. Kila kituo anamuuliza kiongozi, "Hapa panaitwaje?" Akishajibiwa, anapaita kwa jina la ndugu yake. Mwaka mmoja kichuguu cha nyuma ya vyoo kiliitwa Mlima Shangazi, na mpaka leo watoto wanakiita hivyo bila kujua shangazi ni wa nani.

Kwenye tangi anafika kwanza kiongozi, wapagazi wanafuata, mgeni anakuja mwisho, taratibu, chini ya kivuli chake. Lakini kwa sheria ya dada yangu, mgeni peke yake ndiye aliyeruhusiwa kusema, "Nimeliona ziwa!" Wengine kimya.

Wakirudi darasani shingo zimekakamaa, hapo ndipo somo lilipoanza. Aliuliza mmoja mmoja, "Wewe uliona nini njiani?" Mgeni alikuwa na mengi: ndege, paa la jiko linalovuja moshi, paka juu ya ukuta. Wapagazi walitazamana. Halafu mmoja, kila mwaka alikuwepo mmoja, alisema, "Mwalimu, mimi niliona kisigino cha aliyekuwa mbele yangu."

Darasa lilicheka. Dada hakucheka. "Nendeni na kitabu chenu nyumbani," alisema, "mkanitafutie hicho kisigino kimeandikwa ukurasa gani."

Mimi shule niliiacha mapema. Ninachokijua nilijisomea kwenye vitabu alivyokuja navyo nyumbani, na vya wapelelezi nimevisoma vingi. Kisigino bado nakitafuta.

Muhula wake wa mwisho kabla ya kustaafu, Darasa la Tano A walisafiri vizuri. Walibaki Tano B, darasa la mjukuu wangu, ambaye alisokota kata yake hata kabla hajaambiwa. Huo ndio ungekuwa msafara wa mwisho wa dada yangu, na aliutaka kuliko sherehe yoyote ya kuagwa. Basi mwenye duka la saruji, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, akamwona mwanawe wa Tano A anarudi nyumbani na mchanga mpaka masikioni. Kikao kikaitwa.

Nilikwenda, kama babu wa mwanafunzi. Tulikaa kwenye vile viti vya plastiki vinavyopinda mgongo wa mtu mzima.

"Mwalimu, shikamoo," mwenyekiti alianza. Adabu ya mdomoni alikuwa nayo.

"Marahaba, baba."

"Mimi mtoto namleta hapa asome. Nikitaka abebe mchanga, dukani kwangu umejaa tele."

Watu wakacheka.

"Si nilikufundisha mwenyewe?" dada akamwambia. "Msafara huuhuu ulisafiri."

"Nilisafiri, ndiyo. Na mimi ndiye niliyeshika mwamvuli!" Akawageukia wenzake, kifua mbele. "Kwa hiyo, historia hiyo naijua."

"Ulishika mwamvuli, ukasinzia kitini, tukakuamsha. Ziwa lenyewe ulisimuliwa."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa zaidi, na kilimponza dada yangu. Mtu wa namna ile ukimpinga atasahau, lakini ukimfanya achekwe mbele za watu, hasahau.

Mwalimu mkuu, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, akaingilia kati. "Mama yetu, tusifike huko. Msafara ufanyike, tena wazazi waalikwe. Ila watoto wasibebe kitu. Wazo linabaki lilelile, au siyo?"

"Wapagazi wasiobeba?"

"Waigize tu, mama. Mtoto ajisikie fahari. Historia isimdhalilishe."

Makofi yalipigwa. Neno fahari likitamkwa siku hizi, watu hupiga makofi kabla hawajajua ni fahari ya nini.

Nilimsindikiza dada nyumbani, na njiani nilimwambia akatae.

"Wewe mdogo wangu kukataa kwako ni rahisi, huna darasa," alinijibu. "Nikikataa, Tano B watawashiwa picha. Bora nipate nusu."

"Nusu ya nini, dada? Mzigo ndio somo lenyewe!"

Aliuhamishia mwamvuli mkono wa pili, tukaendelea kutembea.

Siku ilipofika, wazazi walijipanga kando ya uwanja, simu juu, utadhani wanauza nyuso za watoto wao. Mjukuu wangu alikuja na kata yake kichwani. Mwalimu mkuu alimwona. "Vua hicho kitambaa, binti, tunapiga picha." Akakivua. Hakuwa na mfuko, akamkabidhi dada yangu, bibi yake, ambaye alikishika na kukitazama kama mtu aliyepewa kitu cha kulea.

Msafara ulitoka getini. Watoto wasio na kitu kichwani hufanya nini uwanjani? Walikimbia. Walipofika jikoni kiongozi wa njia alikuwa ameshapitwa, na kwenye vyoo mwenye mwamvuli aliachwa nyuma, upepo unamgeuza huku na huku, anaita, "Nisubirini, mimi ndiye mgeni!" Wazazi walicheka mpaka machozi. Mbeba kiti alikiacha juu ya Mlima Shangazi, akapanda mteremko mbio na wenzake.

Dada alifika kwenye tangi akihema. Aliuliza, kama alivyouliza miaka yote, "Nani ameliona ziwa?"

"Sisi sooote!" wakapiga kelele.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kupiga makofi. "Hiyo ndiyo historia tunayoitaka!" alisema. Akamkabidhi dada zawadi ya kustaafu, mwamvuli mpya wenye jina la duka lake lililozunguka pande zote.

Darasani, baada ya wazazi kuondoka, dada aliwauliza watoto waliona nini njiani. Mikono ilinyanyuka yote. Ndege. Mawingu. Simu ya baba. Paka juu ya ukuta, na jina la paka, na paka alikuwa anakula nini. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Hakuwatuma wakatafute chochote kitabuni. Alifuta ubao kwa kata ya mjukuu wangu, maana ndiyo iliyokuwa mkononi, akafunga mlango.

Jioni mtoto aliniuliza, "Babu, bibi kakasirika kwa sababu tulikimbia?"

"Hapana, mama. Hamkuwa na cha kuwazuia."

"Lakini tulifika wote."

Nilitaka kumweleza. Nilianza na wageni, nikafika kwenye ndoo, nikaona macho yake yameshahamia kwenye simu ya mama yake, ambamo yeye mwenyewe alikuwa anakimbia kupanda mteremko, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, anacheka.

Mwamvuli wa saruji dada hajaufungua. Ule mweusi wa baba hakurudi nao. Anasema aliuacha shuleni, na hajaenda kuuchukua. Kata iko jikoni kwetu, ina chaki bado. Mkwe wangu, mama yake mtoto, anaitumia kushikia sufuria ikiwa ya moto, na akimaliza anaitupa popote.