Nyoa Huo Ukuta

Mimi sina subira na mwanaume anayejifanya hamnazo, na nimeolewa na mmoja. Mume wangu ni kinyozi. Tangu tuoane ananyoa ndevu za watu kwa wembe wa kukunja, huku anapiga soga: mara mpira, mara umbea wa mtaa mzima. Mimi napiga picha za pasipoti chumba cha pembeni, na kati yetu kuna pazia tu, kwa hiyo hakuna linalonipita.

Mkono wake wa kulia unatetemeka. Ulianza kwenye kikombe cha chai, ukaja kwenye funguo, sasa umefika kwenye wembe. Nikisema twende hospitali, ananijibu, "Mama Pacha, huo ni uchovu tu." Uchovu gani huo wa mwaka mzima? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini haya ya kwake yatamuumbua kwenye shingo ya mtu mwingine, na hilo ndilo linalonipandisha mori.

Juzi kamkata mwalimu mmoja mstaafu chini ya sikio. Nafungua pazia, naona damu imeshafika kwenye kola. Na mwalimu, mtu mzima na akili zake, anacheka: "Si kitu, fundi, ni mimi nilijitikisa." Jamani! Hakujitikisa hata kidogo. Wateja wanampenda, sawa, lakini mapenzi gani hayo ya kumwacha mtu mpaka aue?

Mwalimu alipoondoka tu, nikachukua kile kitochi cha leza ambacho mapacha wangu wanamchezeshea paka, kitu cha bei ya kiberiti, nikakifunga kwa plasta kwenye mpini wa wembe. Nikateremsha mlango wa bati, kukawa giza mchana kweupe. Kamera nikaisimamisha kwenye stendi, ikitazama ule ukuta mweupe ninaopigia picha. Kamera ukiiacha wazi gizani, nuru inayotembea huacha njia yake yote kwenye picha, kama konokono sakafuni.

"Haya, fundi," nikamwambia. "Nyoa huo ukuta. Kutoka sikioni mpaka kidevuni, polepole, kama siku zote."

Alicheka, akanyoa hewa. Nikaifunga kamera, nikamwonyesha. Mstari mwekundu ulikuwa umejikunjakunja kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta.

"Kamera yako mbovu hiyo."

Nikamnyang'anya wembe, nikanyoa ukuta mimi mwenyewe, yeye akabonyeza kamera. Mstari wangu haukuwa wa rula, lakini ulinyooka. Akaitazama picha yangu, akarudi kwenye yake, akarudi kwangu. Halafu mbishi yule akapandisha mlango, akabandua plasta, akakung'uta kiti.

"Picha ni picha tu," akasema. "Nywele zako za kisogoni nani anazinyoa kwa wembe huu tangu uchumba? Si mimi? Kaa hapa, tumalize ubishi."

Nilimchukia kwa kuniambia vile. Nilijua nikikaa tu ameshinda, na kesho yake mteja atakuja na shingo yake. Nilijua pia nisipokaa nitakuwa nimemfanya nini.

"Kaa basi, mke wangu."

"Sikai."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Nikikwambia nakuamini, nitakuwa mwongo kama huyo mwalimu wako."

Alisimama na ule wembe mkononi, anautazama mkono unavyocheza, wala hakuuficha nyuma ya taulo kama alivyozoea. Mteja akaingia na salamu zake, akajitupa kwenye kiti, akainua kidevu.

"Leo sinyoi, ndugu yangu," mume wangu akamwambia. "Mkono wangu unaumwa."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilitamka. Nilikuwa nimelitaka neno hilo mwaka mzima, na lilipotoka nililia kwa hasira palepale, mbele ya mteja.